Osolsobě, jina la ukoo linaloamuru mtu ajitilie chumvi

Mjini Brno, upande wa Moravia huko mashariki mwa Ucheki, wako watu ambao jina lao la ukoo ni Osolsobě. Litamke "o-sol-so-bye", mkazo ukiuweka kwenye silabi ya kwanza kama Wacheki wafanyavyo kwa karibu maneno yao yote, si kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea sisi. Ni jina adimu hata kwao. Tena si neno moja. Ni sentensi kamili iliyobanwa mpaka ikawa jina: osol ni amri ya kitenzi cha kutia chumvi, na sobě ni "kwa ajili yako mwenyewe". Jitilie chumvi.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana lugha yake inafanya jambo hilohilo kwa njia fupi zaidi. Tazama neno "jitilie". Ji- inamrudishia mtendaji tendo lake, -li- ya katikati inaonyesha tendo linafanywa kwa ajili ya mtu, na -e ya mwisho inaamuru. Mcheki kazi ya ji- na ya -li- ameziweka pamoja ndani ya sobě, kiwakilishi kimoja kinachojirejea na papo hapo kinaonyesha nani anafanyiwa. Ndiyo maana jina hili, ambalo kwa Mwingereza linahitaji maelezo marefu, sisi tunalipata mara moja, chumvi na yote.

Kulielewa neno, hata hivyo, si kulielewa jina. Watu wanaochimba habari za majina ya koo huuliza swali moja tu: jina hili lina maana gani? Ndani ya swali hilo mna maswali matatu yaliyobebana. Maneno yanasema nini? Kwa nini mtu fulani, siku fulani, aliitwa hivyo? Na kwa nini leo wenye jina hilo ni wachache au wengi? Swali la kwanza linajibiwa na kamusi. La tatu linajibiwa na hesabu pamoja na historia. Ni la pili ndilo linalowapotosha watu, kwa sababu kila mmoja ana jibu lake tamu, na jibu tamu halihitaji ushahidi ili lisambae.

Osolsobě halimo peke yake. Kicheki kina kundi zima la majina ya namna hii, na wataalamu wa majina wa huko, kama Josef Beneš na Dobrava Moldanová, wameyachambua kwa makini. Nejezchleba ni "usile mkate". Skočdopole ni "ruka uingie shambani". Rádsetoulal ni "alipenda kuzurura". Stojespal ni "alilala amesimama". Vítámvás ni "nawakaribisha". Yasome polepole uone jinsi kila moja lilivyobeba sauti ya mtu: mwingine anaamrisha, mwingine anasimuliwa, mwingine anafungua mlango na kukaribisha wageni.

Wala si Wacheki pekee. Wajerumani wana Springinsfeld, ambalo neno kwa neno ni lilelile Skočdopole. Waitalia wana Bevilacqua na Wafaransa wana Boileau, yote mawili yakiwa "kunywa maji". Shakespeare mwenyewe, ambaye kila mwanafunzi wa sekondari amelisikia jina lake, anabeba kitenzi na kitu kinachotendwa: tikisa mkuki. Ulaya ya zamani ilipenda kumfupisha mtu kwa sentensi moja.

Na sisi? Wapo akina Sikujua, Sijaona na Sikudhani, nayo ni sentensi timilifu zenye nafsi na njeo. Lakini kuna tofauti kubwa ambayo mtu asipoiona atakosea kila kitu. Sikudhani ni jina alilopewa mtoto mchanga na wazazi wake, na sababu yake imo ndani ya nyumba: mimba isiyotarajiwa, msiba, mume aliyeondoka. Jina la Osolsobě halikupewa mtoto. Lilibandikwa mtu mzima na majirani zake. Kwa hiyo usilifananishe na majina yetu ya kuzaliwa, lifananishe na jina la utani la mtaani, lile ambalo mtu hupewa kwa sababu ya kauli anayoirudiarudia hata watu wakachoka, au kwa sababu ya tukio moja ambalo kijiji kizima kililicheka.

Basi nani alimwambia nani ajitilie chumvi?

Ili kulielewa swali hili sawasawa inafaa kujua chumvi ilikuwa nini kwa watu hao. Bohemia, sehemu ya magharibi ya nchi, haina machimbo ya chumvi wala haina bahari. Chumvi yake ilitoka upande wa milima ya Alps, ikafika mji wa Passau, Ujerumani ya leo, kwa mto, na kutoka hapo ikapandishwa mgongoni mwa farasi kuvuka misitu ya mpakani hadi mji wa Prachatice. Njia hiyo iliitwa Zlatá stezka, yaani Njia ya Dhahabu, na inatajwa katika maandishi tangu mwaka 1010. Iliitwa ya dhahabu ingawa kilichopita pale kilikuwa cheupe. Upande wa mashariki ilifika pia chumvi ya Poland, iliyochimbwa Wieliczka karibu na Kraków. Kwa mkulima wa kawaida, kijibakuli cha chumvi mezani kilikuwa kitu kilichosafiri mbali na kulipiwa ushuru njiani. Haikuwa bidhaa ya kumwagamwaga.

Sasa weka amri ile mezani. Mwenye nyumba mkarimu anamsogezea mgeni kijibakuli: jitilie chumvi, usione haya. Mpishi aliyechoka na malalamiko anajibu: mboga haijakolea? Jitilie mwenyewe. Bahili anamwambia mfanyakazi wake ajitilie chumvi yake, asitegemee ya tajiri. Visa hivi vitatu nimevitunga mimi, na vyote vinaingia ndani ya jina bila shida yoyote. Hapo ndipo palipo na fundo. Jina linalokubali kisa cha ukarimu, cha hasira na cha uchoyo kwa pamoja haliwezi kutuambia kisa kipi ni cha kweli. Tena kitenzi chenyewe kina matawi: kwa kiambishi kingine kidogo, přisolit, Mcheki husema mtu "ametiliwa chumvi" akimaanisha ameongezewa faini au adhabu. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba wenye jina hili asili yao ni wapishi, au wafanyabiashara wa chumvi, au watu wakarimu wa damu, jua kwamba aliyeandika amechukua tafsiri ya neno akaigeuza kuwa historia ya ukoo. Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu watu wengi hulipia fedha vyeti vya asili ya ukoo vya namna hiyo na kuvitundika ukutani.

Mfano mzuri wa jinsi maana ya neno isivyomfuata mwenye jina ni Martina Navrátilová, bingwa wa tenisi. Navrátil ni kitenzi cha wakati uliopita: "alirudi". Moravia imejaa majina ya ukoo ya aina hiyo, yaliyotokana na kitenzi kimoja tu. Pospíšil ni "aliharakisha", Vyskočil "aliruka nje", Zapletal "alisokota" au "alitatiza", Nezval "hakualika", kama mshairi Vítězslav Nezval. Navrátilová alizaliwa Prague mwaka 1956 kwa jina jingine kabisa, Šubertová, na hilo la Navrátil akalipata kwa baba yake wa kambo. Mwaka 1975 aliondoka Chekoslovakia akabaki Marekani. Aliirudia Prague mwaka 1986 akiichezea timu ya taifa ya Marekani kwenye Kombe la Shirikisho, mashindano ya tenisi ya timu za taifa za wanawake, na Marekani ikashinda. Mtu anaweza kuona ishara katika hilo jina "alirudi". Lakini aliyerudi wa kwanza, yule ambaye kwa ajili yake majirani walianza kusema "Navrátil", aliishi karne kadhaa nyuma, na bingwa huyu wala si wa damu yake.

Suala la damu linahitaji kukaziwa, maana ndilo linalowashangaza wengi wanaofuatilia koo za Kicheki. Kabla ya mwisho wa karne ya 18 jina la mkulima halikuwa limeshikamana na mwili wake, lilishikamana na nyumba. Wacheki husema po chalupě, yaani kwa jina la nyumba. Mwanamume akioa mjane mwenye shamba na kuhamia kwake, kijiji kilianza kumwita kwa jina la shamba lile, na watoto wake wakaandikwa hivyo kanisani. Akihamia shamba jingine, jina nalo lingeweza kubadilika tena. Katika vitabu vya ubatizo utakuta mtu mmoja ana majina mawili, katikati likiwa limeandikwa neno jinak au kwa Kilatini alias. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waliweza kuacha nyuma yao koo mbili zenye majina tofauti, na watu wasiohusiana hata kidogo wakaacha ukoo mmoja.

Mfalme Josef wa Pili, mtawala wa himaya ya Habsburg ambayo Ucheki ilikuwa sehemu yake na makao yake yalikuwa Vienna, ndiye aliyefunga mlango huo. Mwaka 1784 aliamuru vitabu vya parokia viwe nyaraka za serikali, viandikwe kwa safu zilizopangwa: tarehe, namba ya nyumba, jina, dini, jinsia, wazazi, wasimamizi wa ubatizo. Mwaka 1786 akaamuru jina la ukoo liwe la kudumu na lirithiwe kutoka kwa baba. Serikali ilitaka kodi na askari, na mtu asiyekuwa na jina moja hakamatiki. Kuanzia hapo utani wa kijijini uligandishwa kwa wino. Kama siku ile karani alipofika babu alikuwa anaitwa Jitilie-chumvi, basi vitukuu vyake vimebaki kuwa Jitilie-chumvi hata kama hakuna tena aliyekumbuka ni mezani kwa nani.

Ukipata nafasi ya kufungua kurasa hizo, na Hifadhi ya Nyaraka ya Moravia iliyoko Brno imeweka picha zake nyingi kwenye intaneti bila malipo, utaona kwa nini jina moja lina sura nyingi. Karani aliandika alichosikia. Mara nyingi aliandika kwa Kijerumani, kwa mwandiko wa zamani wenye vijiti vilivyoinama kama mvua ya upepo, na Kijerumani hakina ě wala ř. Hadi katikati ya karne ya 19 hata Kicheki chenyewe kiliandika w pale ambapo leo kinaandika v. Halafu yako matamshi ya watu: katika Kicheki cha mazungumzo, hasa cha Bohemia, neno linaloanza kwa o hupachikwa v mbele yake. Otruba huwa Votruba, Ondra huwa Vondra, na Osolsobě nalo lina mwenzake Vosolsobě. Jina ni lilelile, kinywa ndicho tofauti. Vienna, ambako Wacheki wengi walihamia kutafuta kazi wakati wa himaya hiyo, utawakuta Swoboda, Prohaska na Wessely, ambao nyumbani ni Svoboda, Procházka na Veselý.

Sarufi nayo ilikuwa na lake la kusema. Sentensi ikishakuwa jina inapaswa kuishi kama nomino, na nomino za Kicheki hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Nejezchleba ni mfano unaofurahisha. Chleba ndani yake ni "mkate" uliokwisha kubadilishwa mwisho, kwa sababu Kicheki cha zamani kilitaka hivyo baada ya kitenzi kilichokanushwa. Lakini jina lilipoganda, ile -a ikaonekana kama mwisho wa kawaida wa nomino, na sasa mtu huenda "s Nejezchlebou" (pamoja na Nejezchleba), huzungumza "o Nejezchlebovi" (juu ya Nejezchleba), na humwita kwa sauti "Nejezchlebo!". Amri ya kutokula mkate imegeuka mtu, na mtu huyo anapita katika miisho yote kama mwingine yeyote.

Kwa wanawake Kicheki huongeza -ová: mke au binti wa Nejezchleba ni Nejezchlebová, wa Rádsetoulal ni Rádsetoulalová. Osolsobě limekataa. Mwisho wake haukubali kupachikwa kitu, hivyo mwanamke naye ni Osolsobě, sawa na wanawake wa ukoo wa Martinů, jina la mtunzi wa muziki Bohuslav Martinů. Kwa vizazi vingi hili lilikuwa jambo la nadra. Tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria inamruhusu mwanamke yeyote wa Kicheki kuchagua jina lisilo na -ová bila kuulizwa sababu, lakini wanawake wa Osolsobě hawakuhitaji sheria hiyo.

Umebaki uchache wake. Majina manne ya ukoo yanayoongoza Ucheki ni Novák, Svoboda, Novotný na Dvořák. Novák na Novotný yote mawili maana yake ni mgeni, mtu mpya aliyehamia. Svoboda ni uhuru, na Mkenya akilisikia atamkumbuka mara moja rais wake wa nne. Dvořák ni mtu wa shamba kubwa la bwana. Akina Novák, wanaume kwa wanawake, ni zaidi ya 60,000 katika nchi ya watu wasiofika milioni 11. Je, wote hao ni ukoo mmoja? Hata kidogo. Kila kijiji kilipata mgeni wake wakati fulani, na kila mgeni aliitwa Novák na wenyeji wake. Jina lilizaliwa mara maelfu, mahali tofauti, bila mmoja kumjua mwenzake.

Jitilie-chumvi hali yake ni tofauti. Ili lizaliwe lilihitaji mtu mmoja mwenye kauli ile, mbele ya majirani wenye ulimi ule, na karani aliyekubali kuliandika. Bahati ya namna hiyo haitokei kila kijiji. Na jina lenye chanzo kimoja au vichache liko hatarini daima, kwa sababu linapita kwa wana wa kiume. Baba akipata mabinti watupu, tawi limekatika. Francis Galton na Henry William Watson walilipigia hesabu jambo hili Uingereza katika miaka ya 1870 na wakaonyesha kwamba koo zinaweza kufutika kwa bahati tu, bila vita wala tauni. Ukoo wa watu elfu 60 haushtuki tawi likikatika. Ukoo wa nyumba chache unashtuka.

Ongeza aibu. Mtoto anayeitwa Usile-mkate au Alilala-amesimama hachekwi na wenzake darasani kwa siku moja tu. Sheria ya Ucheki inataja waziwazi kwamba jina la ukoo likiwa la kudhalilisha au la kuchekesha, hiyo ni sababu halali ya kulibadilisha. Kila anayefanya hivyo ana haki yake, na kila mara jina hupungukiwa na nyumba moja zaidi. Ndiyo maana uchache wa jina si dalili ya ukale wala ya uungwana, ingawa wauza vyeti vya koo hupenda kudokeza hivyo. Novák huenda ni la zamani kuliko Osolsobě. Lililo adimu ni adimu kwa sababu lilianza na wachache na halikuongezewa wengine njiani.

Wapo waliolibeba bila kulificha. Ivo Osolsobě, aliyezaliwa Brno mwaka 1928 na kufariki mwaka 2012, alikuwa mtaalamu wa ishara na mawasiliano, na pia mtu wa jukwaa: alifanya kazi na operetta ya Brno, akaandika nadharia ya tamthilia zinazoimba na kucheza. Jambo lililomshughulisha zaidi kitaaluma liliitwa ostensio, mawasiliano ya kuonyesha kitu chenyewe badala ya kukieleza kwa maneno. Mtu akuulize chumvi ni nini. Unaweza kumpa kamusi, au unaweza kunyoosha mkono, ukakisogeza kijibakuli mbele yake, ukanyamaza.